Adhana Mbili, Jioni Moja

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa na tende mdomoni. Wasomaji wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama niliimeza au niliitema. Niliimeza. Nilikuwa nimeshaishushia na maji na nusu ya sambusa ndipo adhana ya pili ikalia, na mtaa wote wa Galbet ukaduwaa na vikombe mkononi.

Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, pole, umenikuta pabaya. Mimi ni Deeq. Nilifukuzwa kazi ya utangazaji wa redio, nikatolewa nyumbani vyombo vikiwa barabarani, na badala ya kutafuta kazi kama watu wenye akili zao nikatunga mchezo wa jukwaani. Ni mchezo wa kuimba, kuhusu siku moja ya mji wetu wa Garissa tangu alfajiri hadi Magharibi, na ndani yake hakuna chombo cha muziki hata kimoja. Hapa kwetu ukipita na gitaa karibu na msikiti utaulizwa maswali mpaka ulitupe mwenyewe.

Basi mji wote tuliutoa kooni. Aweys alikuwa bodaboda, na akifunga breki wenye roho nyepesi waliruka kando. Wengine walikuwa punda wa mikokoteni ya maji na makondakta wanaoitia abiria wa Nairobi. Madalali wa mbuzi hupatana bei kimya kimya, kwa vidole chini ya shuka, kwa hivyo pale walisikika mbuzi tu wakilalamika. Wasichana, nyuma ya pazia lao, walikuwa akina mama wa maziwa ya ngamia, na mvua juu ya mabati, na foleni ya benki mwisho wa mwezi.

Tulipanga kuuonyesha Idi Pili. Mwisho wake mji mzima unanyamaza kwa mpigo mmoja, na sauti moja tu inaadhini Magharibi. Hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Sehemu hiyo nilimpa Abdinoor, kwa sababu ni mtoto wa Mzee Bare, muadhini wa msikiti wetu. Abdinoor pia ni kaka yake Ramla. Na Ramla ndiye mchumba wangu, aliyeposwa kwa heshima zote, nikahi baada ya Idi. Mzee Bare alinipa binti yake wakati baba wengine wa Garissa walikuwa wakiniona wanaita watoto wao waingie ndani.

Sasa siku yenyewe. Umeme ulikuwa umepotea, wingu limetanda hata jua halionekani, na watu walikuwa wakingoja kufuturu kwa masikio. Sisi tulikuwa godauni, ukuta kwa ukuta na msikiti, tukimaliza mazoezi. Juu ya paa tulikuwa na spika inayotumia betri ya gari, ya kutangazia mchezo. Mimi nilikuwa nje langoni na tende zangu. Ikalia adhana. Ilikuwa sauti ya Mzee Bare, ile nyembamba inayotetemeka kidogo mwishoni tangu alipougua kifua. Nikala. Galbet nzima ikala.

Halafu, watu wakiwa kwenye sambusa, ikalia adhana tena. Sauti ni ileile. Safari hii ilitoka msikitini, na ndiyo iliyokuwa ya saa yake.

Nilikimbia ndani. Kipaza sauti cha ile spika ya paa kilikuwa pale nilipokiacha, pembeni mwa pazia la wasichana, na taa yake nyekundu inawaka. Nilikiwasha mimi mwenyewe, alasiri, kupima betri, nikasahau kukizima. Wasichana walikuwa wameinamia futari yao hawasemi kitu. Abdinoor, ambaye husimama pembe ile kwa sababu dada yake ndiye aliye upande wa pili wa pazia, hakuwepo.

Nilikizima. Kisha nikafanya jambo ambalo nawaungamia leo hapa gazetini. Nilinyamaza.

*

Kesho yake jirani yetu Shamso, anayeuza mikate ya anjera, alinikamata kabla sijafika barabarani.

"Deeq! Mkwe wako ametulisha mchana, unajua?"

"Eeddo, huenda ni bahati mbaya tu."

"Bahati mbaya gani? Mama yangu hajawahi kula siku moja ya Ramadhani, hata akiwa mgonjwa. Analia tangu jana. Anasema Bare amemharibia mwezi." Akashusha sauti. "Wanasema mzee akili imeanza kumtoka. Aliadhini, akalala, akaamka, akaadhini tena."

"Nani anasema?"

"Watu."

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini nikihesabu mambo nilipata hivi: nikisema spika ni yangu, mchezo umekufa. Na nikisema Abdinoor ndiye aliyeadhini kwenye mchezo wa kuigiza, Mzee Bare atajua mwanawe amekuwa akiimba jukwaani kwa siri, na kwamba aliyempeleka huko ni mimi. Sijui baba wa Kisomali anayeweza kumpa binti yake mtu kama huyo.

Nikaenda kumtafuta Abdinoor ili tushauriane. Mama yao alinijibu kutoka dirishani.

"Ameenda Rhamu kwa abti, mjomba wake. Ameondoka na basi la alfajiri."

Rhamu! Mtu asiye na hatia haendi Rhamu ghafla katikati ya Ramadhani, siku nzima barabarani na midomo mikavu. Nikasema moyoni, basi ni yeye, na ametoroka, na ameniachia mzigo.

Nilipogeuka kuondoka, Mzee Bare aliniita kutoka barazani. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, miguu amekunja. Tulizungumza Kisomali, nawawekea kwa Kiswahili.

"Deeq, njoo ukae. Nikuulize na unijibu kweli. Jana ulisikia adhana ngapi?"

"Mbili, adeer."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Na ile ya kwanza, ilikuwa sauti yangu?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama daktari. Nilikuwa na nafasi pale. Nafasi nzuri, tuko wawili, hakuna kamati ya msikiti, hakuna mwenyekiti wake Haji Gelle. Mdomo wangu ukafunguka na kusema:

"Ilikuwa kama yako, adeer."

Akatikisa kichwa polepole.

"Basi ni yangu. Mimi nakumbuka moja tu. Nilijilaza kidogo baada ya Alasiri, kifua kilikuwa kinabana. Nikaamka, nikatazama saa, nikaadhini. Lakini mtaa mzima hauwezi kukosea na mimi peke yangu nikapatia. Labda niliamka mara mbili." Akajishika kichwa. "Mama yangu mimi alianza hivihivi, Deeq. Alikuwa anakamua mbuzi aliyekwisha kumkamua."

Nilitoka pale nimechoka kama niliyebeba gunia. Nyuma ya mlango niliona ukingo wa jilbabu ya Ramla. Alikuwa amesikia yote, na hakuniaga.

*

Kamati ilikaa siku iliyofuata, baada ya Adhuhuri, barazani kwa msikiti. Imamu wetu ni mtu wa Lamu, kwa hivyo mikutano huendeshwa kwa Kiswahili. Haji Gelle, mwenyekiti, hukiendesha Kiswahili kama anavyoendesha lori lake la mbuzi, hatazami nyuma, na p kwake ni b.

"Watu ya Galbet wamekula mchana!" alianza. "Mchana, Ramadhani! Wazee, akina mama, fijana, wote. Sasa wote walibe hiyo siku. Na nani amewalisha? Bare. Mimi naheshimu Bare. Lakini mtu akizeeka, abumzike. Hiyo si ubaya. Kibaza sauti tumbe kijana. Nunow yuko."

Nunow ni mwanawe wa kuzaa. Sitasema lolote kuhusu sauti yake, ni mwezi wa toba.

Mzee Bare alikuwa amekaa karibu na nguzo, amevaa kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Hakujitetea. Alikuwa ameshika ufunguo wa kile chumba cha kipaza sauti, anaugeuza geuza. Ule ufunguo nimeuona shingoni mwake tangu nikiwa mtoto wa madrasa.

Sikuweza tena. Nikasimama.

"Haji, si Mzee Bare. Adhana ya kwanza ilitoka kwetu, godauni, kwenye spika ya paa. Mimi ndiye niliyeiwasha."

Vichwa vyote vilinigeukia. Nilihisi kama nimetua mzigo. Nikangoja wanirukie.

Haji Gelle akacheka.

"Warya Deeq! Wewe unaoa kwa Bare, ama hauoi?"

"Naoa, inshallah."

"Basi. Mnasikia? Mkwe anasaidia mkwe."

"Nasema kweli, Haji, wallahi..."

"Usiape," imamu alinikata kwa upole. "Sema tu. Nani aliyeadhini?"

Nilimtazama Mzee Bare. Akanitazama.

"Abdinoor," nikasema.

Mzee Bare alifumba macho. Lakini wengine walianza kucheka, hata wale niliodhani ni marafiki zangu.

"Abdinoor!" Haji Gelle alijipiga paja. "Abdinoor mwenye sauti ya lori? Akisalimia mtu, mbuzi inakimbia! Hiyo sauti ilikuwa ya Bare. Miaka yote hii mimi nasikia hiyo sauti, Alfajiri na Isha. Mimi nitadanganywa? Yuko wabi huyo Abdinoor?"

"Rhamu."

"Ahaa! Shahidi yako iko Rhamu. Kwa nini usimbeleke Banissa kabisa, tusimbate?"

Watu wakacheka tena. Ndipo Mzee Bare akainuka, kwa shida, akishika nguzo.

"Deeq, mwanangu," alisema. "Umefunga. Usiiharibu saumu yako kwa uongo kwa ajili yangu. Nakushukuru, lakini ni mimi. Nimewaza siku mbili hizi. Nililala, na mtu aliyelala hajui alifanya nini." Akawageukia wote. "Nawaomba msamaha, nyumba moja moja. Mama yake Shamso nitamwendea mwenyewe."

Akauweka ufunguo juu ya mkeka, mbele ya imamu, akatoka. Hakuna aliyecheka hapo. Mtu mmoja nyuma alianza kulia.

Nilitaka kumfuata, Haji Gelle akaninyooshea kidole.

"Na wewe, hiyo mchezo yenu ya midomo imekwisha. Kama kweli fitu yenu imeita adhana, ni haramu. Kama ni urongo, watu warongo hawabandi jukwaa. Bande zote mbili, imekwisha."

Kwa hivyo, wasomaji, waliamini ile nusu ya maneno yangu iliyonidhuru, wakaitupa ile ambayo ingemwokoa mzee. Sijui niliwakosea nini watu hawa.

Imamu peke yake ndiye aliyebaki nami.

"Kijana, mimi nakutazama usoni sioni uongo. Lakini hawa wanaijua sauti ya Bare kama wanavyowajua mama zao. Ukitaka wakuamini, mlete huyo mwenye sauti. Kesho baada ya Alasiri. Tumsikie kwa masikio yetu, na ufunguo nitaurudisha kwa mkono wangu."

*

Nikaenda godauni. Wanaume wa kikundi walikuwa wamekaa juu ya magunia, habari imewafikia.

"Budaa, so tumefungiwa?" Aweys aliuliza.

"Tumefungiwa. Sikilizeni. Nataka mtu anayeweza kuitoa sauti ya Mzee Bare. Yeyote. Si adhana, sitaki maneno. Sauti tu."

"Ya nini?"

"Ili waamini kwamba inaweza kutoka kwa mtu mwingine."

Walijaribu, masikini. Mmoja alitoa sauti nzuri sana, lakini ilikuwa ya mbuzi, maana ndiyo aliyoizoea tangu tuanze mazoezi. Mwingine alikohoa kwanza, kwa kuwa Mzee Bare hukohoa, akaishia hapohapo kwenye kikohozi.

"Mimi ni nduthi, Deeq, ni bodaboda tu," Aweys alisema. "Nikijaribu hiyo ya mzee, wasee watauliza naenda stage gani."

"Jaribu!"

Akajaribu. Ilikuwa nduthi.

Nikaketi chini. Watu hawa walikuwa wanaweza kuujenga mji mzima kwa vinywa vyao, soko na barabara na mvua, na sasa nilikuwa nahitaji mzee mmoja tu na hawakuwa naye. Nikaishika simu nikampigia Abdinoor. Ililia mpaka ikakatika. Nikapiga tena na tena, hadi akapokea.

"Abdinoor, rudi. Panda basi la kwanza unaloliona."

"Rhamu si hapo Modika, Deeq."

"Baba yako ametoa ufunguo."

"Ameutoa?"

"Mbele ya watu wote. Amesema ni yeye. Anaamini ni yeye, unanielewa? Anadhani akili inamtoka kama mama yake."

Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akaanza kulia, na kwa ile sauti yake nene kilio kilitisha.

"Sema ni mimi," alisema. "Mimi niko mbali, hawatanifanya kitu. Sema ni Abdinoor."

"Nimeshasema! Wamenicheka. Wanataka kusikia sauti yenyewe."

"Siwezi."

"Juzi uliweza!"

"Deeq, mchezo umenifundisha wewe. Kila jioni ulikuwa unanifokea mbele ya watu, Abdinoor inua sauti, Abdinoor unanguruma kama pampu. Umewahi hata siku moja kunisikia nikiipandisha vile?"

"Nilidhani siku hiyo Mungu alikufungua koo."

"Hakunifungua."

"Basi ni nani?"

"Nimekuambia sema ni mimi. Usiulize zaidi ya hapo."

Simu ikakatika. Nilipopiga tena alikuwa ameizima.

Nilibaki nikilitazama pazia la wasichana. Nilikumbuka pembe ile, na kile kipaza sauti kilivyokuwa kimelala, na nani aliyekuwa amekaa karibu nacho kuliko wote. Nilisema hapana. Nikasema hapana tena, kwa sauti, Aweys akaniuliza naongea na nani.

*

Magharibi ilikuwa inakaribia nilipofika kwa Mzee Bare na bakuli la sambusa la mama yangu, ndiyo sababu niliyoitumia kuingia. Ramla alikuwa uani, anakoroga uji wa futari juu ya jiko. Nilisimama mbali kidogo, mlango wa uani wazi, kama heshima inavyotaka.

"Nimezungumza na Abdinoor."

Mwiko ukasimama.

"Amesema nini?"

"Amesema niseme ni yeye."

"Basi sema ni yeye."

"Ramla, ni yeye?"

Alikoroga tena, mara mbili, tatu, akaepua sufuria. Alipogeuka uso wake ulikuwa umelowa, na haukuwa moshi.

"Nilikuwa namwonyesha," alisema. "Wewe ulikuwa unamfokea kila siku. Mwanamume mzima, unamwaibisha mbele ya wasichana. Nikamwambia njoo huku pembeni, nikuonyeshe aabo, baba yetu, anavyoipandisha. Mimi nimelala na kuamka na sauti ile tangu nizaliwe. Nikamwonyesha mara moja tu."

"Kwenye kipaza sauti?"

"Kilikuwa kimelala pale! Nilidhani kimezimwa, umeme haukuwepo. Nani aliyekiwasha, Deeq?"

Mimi. Nani mwingine.

"Tuliposikia watu nje wakisema bismillahi, Abdinoor alinitazama akawa kama maiti. Akaniambia nyamaza, hili nitalibeba mimi. Ndiyo maana ameenda Rhamu, ili ufikirie ni yeye."

Wasomaji, nyinyi mnaijua nchi hii. Mwanamume akikosea adhana, ataombewa msamaha na kutaniwa mpaka Idi ijayo. Msichana, mbele ya mtaa mzima, kwenye spika, katika mchezo wa kuigiza! Jina lake lingefika Wajir na Mandera kabla ya magari. Hakuna ambaye angeuliza kama alijua kinawaka au hakujua.

"Usimwambie mtu," nikasema. "Ramla, tafadhali. Nitatafuta njia nyingine."

"Njia gani? Kesho Alasiri wanataka sauti. Unayo?"

Niliweka bakuli la sambusa chini.

"Unajua anafanya nini siku hizi?" aliniuliza. "Anahesabu rakaa kwa vidole. Baba yangu! Jana ameniuliza kama ameshaswali Adhuhuri, na alikuwa ameshaswali. Hajasahau, Deeq. Anaogopa tu kwamba amesahau. Haya yote kwa ajili yangu."

Mzee Bare akaita kutoka barazani. "Ramla! Nani yuko nawe?"

"Ni Deeq, aabo. Ameleta futari."

"Aje akae."

*

Tulikaa watatu, mama yao akiwa ndani na wageni wake wa kike. Mzee Bare alikuwa na tende moja mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwona akiwa nyumbani saa ile.

Nunow akaadhini.

Sahani zikalia katika kila nyumba. Mimi nilinyoosha mkono. Mzee Bare aliinua tende mpaka karibu na midomo, kisha akaishusha.

"Ramla, ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe, aabo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hebu toka utazame. Jua limezama?"

Huyu ndiye mtu aliyetufundisha madrasani kwamba kuharakisha kufuturu ni sunna. Ramla alitoka, akarudi.

"Limezama, aabo. Kula."

"Na wewe, Deeq, unaonaje?"

"Limezama, adeer."

Bado hakula. Alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine, kama mtoto anayeogopa kudanganywa. Moyo wangu ulivunjika, nasema kweli. Nilitamani ardhi inifunike.

Ramla alipiga magoti mbele yake. Nilimwita jina, hakunisikia. Akavuta pumzi, na chini chini, kwa sauti isiyofika hata mlangoni, akayatoa maneno mawili ya mwanzo.

Alikuwa Mzee Bare. Kule kupanda kulikuwa kwake, na kule kutetemeka mwishoni, kama kwamba mzee mwenyewe amehama kifua.

Mzee Bare hakusogea. Machozi yalimtoka polepole mpaka kwenye ndevu. Kisha akasema bismillahi, akaitia tende mdomoni, akaitafuna taratibu na kuimeza.

"Kumbe sikuamka mara mbili," alisema.

"Hukuamka, aabo. Uliamka mara moja, saa yake kabisa. Wewe hujawahi kukosea. Kesho nitakwenda barazani niwaambie."

"Huendi."

"Aabo..."

"Huendi popote. Mimi nilichokuwa nakitaka nimekipata, akili yangu iko. Ufunguo ni chuma tu, achukue Nunow. Lakini jina la binti yangu halitatafunwa sokoni pamoja na miraa." Akanigeukia. Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ile ninayoijua. "Deeq, wewe ndiye uliyeitwa kesho. Utawaambia ulisema uongo kwa kunionea huruma. Utaomba radhi, watakucheka, yataisha. Nipe mkono uniapie."

"Adeer, watu watasema umezeeka akili."

"Waseme. Nipe mkono."

Niliuinua. Ndipo Ramla akasimama, akajifuta uso kwa ncha ya jilbabu, na hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi.

"Ukimwapia, Deeq, tafuta mke mwingine. Siwezi kulala kitandani kwa mtu aliyemfanya baba yangu mwendawazimu kwa kiapo."

"Ramla, nenda ndani," Mzee Bare alisema.

Hakwenda.

Nje watu walikuwa wakielekea msikitini, na wa kwanza kati yao alikuwa tayari anabisha hodi, akimwita mzee wakaswali. Mkono wa Mzee Bare ulikuwa bado umenyooshwa, unangoja wangu.